Shamba Lililomo Tumboni

Simu za namna hii hunijia zaidi Jumatatu asubuhi.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba, mwanangu."

"Sungura wangu anaendesha. Tangu jana usiku. Hataki hata karoti."

"Mlimnunua lini?"

"Ijumaa. Baba alimleta kwenye boksi."

"Na tangu Ijumaa amekula nini?"

Hapo mtoto huanza kutaja, na mama yake humkumbusha yale aliyoyasahau: kabichi, karoti, ganda la ndizi, kipande cha mkate, maziwa ya ng'ombe kwenye kisahani, konzi moja ya chakula cha kuku kutoka kwa jirani. Kila aliyempa alimpa kwa mapenzi. Sungura naye alivila vyote, maana mtoto wa sungura wa wiki tano hajui kukataa kitamu. Siku ya tatu mkia umelowa, tumbo limejaa, naye amejikunja pembeni mwa banda, masikio yamepoa.

Karibu vyote katika orodha ile si sumu. Kilichomwangusha ni kuja kwa mpigo mmoja, tena katika wiki ambazo tumbo lake halikuwa na mlinzi. Sura hii inahusu wiki hizo.

Kiswahili kinawaita wanyama wawili kwa jina moja. Yule sungura wa hadithi, mjanja wa nyikani, huzaliwa na manyoya, macho yakiwa wazi. Huyu wa bandani ni wa ukoo mwingine. Wazazi wake wa kale walikuwa wachimbaji wa mashimo huko Hispania, Ureno na kusini mwa Ufaransa, na mpaka leo huzaliwa uchi, haoni, hufumbua macho karibu siku ya 10. Mama yake hamkumbatii mchana kutwa. Humwendea kwa kawaida mara moja kwa siku, humnyonyesha kwa dakika tatu hadi tano, kisha huondoka. Wengi wanaoliona hilo kwa mara ya kwanza hudhani mama amewatupa wanawe. La, ndivyo alivyo, na maziwa yake ni mazito kiasi kwamba mara moja inatosha: mafuta yaliyomo ni takriban mara tatu ya yale ya maziwa ya ng'ombe.

Maziwa hayo yana kazi nyingine ambayo mfugaji haioni. Yakifika tumboni mwa mtoto, huzalishwa humo mafuta yenye asidi yanayowazuia bakteria wasiote. Tindikali ya tumbo la mtoto bado ni hafifu, lakini kwa mafuta hayo tumbo lake hukaa safi. Maziwa ya ng'ombe au ya mbuzi hayatoi kinga hiyo, hata yachemshwe namna gani. Ndiyo maana kile kisahani kilichowekwa kwa huruma hakizibi pengo la mama. Sukari iliyomo kwenye maziwa huwanufaisha vijidudu kuliko sungura.

Kuanzia karibu wiki ya tatu mtoto huanza kudonoa nyasi, na hula pia kinyesi cha mama yake. Usimkataze. Kinyesi kile ni mbegu. Ndani yake mna bakteria watakaoishi naye maisha yake yote, na hapa ndipo shamba ninalolisema linapopandwa.

Shamba lenyewe liko kwenye mfuko mkubwa ulio pale utumbo mwembamba unapokutana na utumbo mpana. Wataalamu huuita sikamu. Kwa binadamu sehemu hiyo ni ndogo. Kwa sungura ni pipa la kuchachushia, linalobeba karibu asilimia 40 ya vyote vilivyomo katika njia yake ya chakula. Nyasi alizokula hufika huko zikiwa zimesagwa. Kisha utumbo hufanya jambo ambalo, kila nikilieleza, bado hunishangaza: hupepeta. Vipande vigumu vya nyuzinyuzi husukumwa mbele na kutoka kama zile gololi kavu tunazozifagia bandani. Chembe laini pamoja na majimaji hurudishwa nyuma, ndani ya pipa, ambamo bakteria huzichachusha na kutoa asidi zinazoupa mwili nguvu.

Mara nyingi anapokuwa amepumzika, saa kadhaa baada ya kula, pipa hutoa mazao yake. Hutoka vijidonge laini vinavyong'aa, vimeshikana kama tunda la forosadi, vina harufu kali. Sungura huinama, huvichukua moja kwa moja kutoka nyuma yake na kuvimeza bila kutafuna. Vina protini na vitamini za kundi B na K ambazo bakteria wamemtengenezea. Asipovila kwa muda hudhoofika. Kwa hiyo hapo kuna vinyesi viwili, kigumu na laini, na mfugaji asiyejua tofauti yake huogopa pasipo la kuogopesha, au hutulia penye hatari.

Turudi kwa zile nyuzinyuzi ngumu zilizotupwa nje kama makapi. Hazimshibishi, na mtu anaweza kuuliza ni za nini. Ndizo zinazousukuma utumbo. Zikikosekana, mwendo hupungua, chakula hukaa ndani, maji hunyonywa, gesi hujikusanya. Na sungura hawezi kutapika. Kilichoingia hakina njia nyingine ila kwenda mbele. Nyasi hizohizo pia hulisaga jino. Meno ya mbele hukua karibu milimita 2 hadi 3 kila wiki, wala hayaachi mpaka afe.

Sasa zitazame wiki za kati, takriban kuanzia ya 4 hadi ya 8. Maziwa yanapungua na kinga yake inakwenda nayo. Tindikali kali ya sungura mzima, inayowaua vijidudu mlangoni, bado haijafika. Shamba ndiyo kwanza linaota. Hapo ndipo anapochukuliwa kutoka kwa mama, akafungiwa kwenye boksi, akasafirishwa juani, akalala ugenini na kupewa vyakula sita asivyovijua. Wauzaji hupenda kuuza umri huo kwa kuwa mtoto bado ni kijidonge cha manyoya kinachovutia. Ningekuwa na kauli, hakuna mtoto wa sungura ambaye angeuzwa kabla ya wiki 8.

Mkate, pumba za mahindi na chakula cha kuku vina wanga mwingi. Sungura mdogo hawezi kuumaliza wote katika utumbo mwembamba, hivyo unaobaki humwagika kwenye pipa. Huko wapo bakteria wabaya wa jamii ya Clostridium, wachache, waliokuwa wamebanwa na wenzao wema. Wakipata sukari inayotokana na wanga huo huongezeka na kumwaga sumu. Mtoto aliyekuwa akirukaruka jioni anaweza kukutwa amekufa asubuhi. Chakula cha kuku kina hatari ya pili: baadhi yake huchanganywa na dawa za kuzuia ugonjwa wa koksidiosisi, dawa ambazo kuku huzistahimili, lakini sungura zikamdhuru vibaya.

Kabichi nayo imesingiziwa mengi. Si sumu. Ina maji mengi na nyuzinyuzi chache, huchachuka haraka, na kwa tumbo lisiloizoea huleta gesi na kuhara. Sungura mzima aliyezoea atakula jani la kabichi au la sukuma wiki bila shida. Vivyo hivyo ile imani kwamba nyasi zenye umande huua. Umande peke yake sijawahi kuuogopa. Ninachokiogopa ni nyasi mbichi zilizorundikwa kwenye gunia hadi zikapata joto katikati. Hizo zimeanza kuchacha kabla ya kufika tumboni. Zilizokatwa kwa mashine ya bustani huharibika upesi zaidi. Zianike chini ya kivuli saa chache, zinyauke, ndipo umpe.

Na si kila kuhara ni kwa chakula. Koksidia, vimelea wadogo wa jamii ya Eimeria, huwashambulia sana watoto walioachishwa kunyonya karibuni. Mmojawapo huenda hadi kwenye ini. Mayai yao hutoka na kinyesi, lakini hayawezi kuambukiza papo hapo. Yanahitaji siku moja au zaidi kwenye joto na unyevu ili yakomae. Ukilijua hilo, kufagia banda kila siku na kulikausha kunakuwa ni dawa. Sakafu ya waya au ya mianya, inayoangusha kinyesi chini, hupunguza sana ugonjwa huu, ila mwekee na ubao wa kulalia ili nyayo zake zisichubuke.

Basi umlishe nini? Nyasi kwanza, na nyasi kavu zisikose mbele yake usiku na mchana. Penye kuuzwa hei ya nyasi za Rhodes, inunue. Pasipouzwa, kausha mwenyewe: kata nyasi kabla hazijatoa mbegu, zianike, zigeuze kwa siku mbili tatu, uzihifadhi zikiwa bado na rangi ya kijani na harufu nzuri. Zenye ukungu zitupe bila kusita. Lusini kavu inamfaa mtoto kwa sababu ina protini na kalsiamu nyingi. Akifikisha karibu miezi saba ipunguze, kwa sababu kalsiamu iliyozidi hutoka kwa njia ya mkojo na inaweza kumletea mchanga kwenye kibofu. Chakula cha vidonge kilichotengenezwa mahususi kwa sungura kinafaa pia, mradi kiwe na nyuzinyuzi za kutosha. Tafuta chenye asilimia 18 au zaidi kwenye lebo. Sungura mzima hahitaji zaidi ya gramu 25 hivi kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mtoto anayekua apewe zaidi, lakini kamwe kisimfanye aache nyasi.

Majani mabichi hutegemea alikotoka. Vitabu vya Marekani na Ulaya husema yaanze wiki ya 12. Ni ushauri mzuri kwa mtoto aliyelelewa kwa hei na vidonge. Watoto wengi wa huku kwetu, hata hivyo, wamekuwa wakidonoa majani ya mama yao tangu wiki ya tatu, na tumbo lao linayajua. Kwa hiyo muulize aliyekuuzia: alikuwa anakula nini? Muombe mfuko wa chakula hichohicho, hata kama wewe unajua kilicho bora. Umpe hicho kwanza, kisha uchanganye na chako kidogo kidogo kwa siku 7 hadi 10. Jani jipya liingie moja kwa wakati, dogo, ungoje siku mbili tatu uone kinyesi kabla ya kuleta la pili. Mchunga, kishonanguo na majani ya viazi vitamu huliwa vizuri na sungura waliovizoea. Karoti ni tamu. Kipande cha ukubwa wa kidole gumba ni zawadi tosha kwa mkubwa, na mtoto hapotezi kitu akiikosa. Usimpe majani ya parachichi, ya muhogo mbichi, ya nyanya wala ya viazi mviringo. Usikate pia nyasi za kandokando ya barabara au shamba lililopuliziwa dawa.

Maji yasikauke. Hunywa takriban mililita 100 kwa kila kilo kwa siku, na zaidi kwenye joto la Pwani.

Ukiona uchafu nyuma yake, angalia kabla ya kuogopa. Ikiwa ni kama lami, umenata kwenye manyoya, huku gololi kavu zinaendelea kutoka naye anakula, huenda ni kile kinyesi laini ambacho hakukila. Ondoa pumba, matunda na majani mabichi, mwachie nyasi kavu na maji, msafishe, umtazame. Ikiwa ni majimaji, na sungura ni mtoto, usingoje kesho. Vivyo hivyo akikaa saa 12 bila kula, akisaga meno kwa sauti, tumbo likiwa gumu kama ngoma, au gololi zikikoma kabisa. Mfunike, weka karibu naye chupa ya maji ya vuguvugu iliyozungushiwa kitambaa, mwachie nyasi na maji, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Chukua na kinyesi kibichi kwenye kikopo safi ili kipimwe koksidia. Mwenye tumbo lililojaa gesi usimlazimishe chakula mdomoni.

Nalisema hili kwa uzito wote nilio nao: usimpe dawa iliyobaki nyumbani. Amoksilini na ampisilini, ambazo watu huzinywa kila siku, zikipita mdomoni mwa sungura huwafyeka bakteria wema wa lile shamba na kuwaachia uwanja wale wenye sumu. Nimeletewa watoto waliokuwa na kuhara kwa kawaida, ambako kungeweza kutibika, wakawa wamekwisha kunyweshwa kidonge kilichosagwa. Sikuweza kuwaokoa.

Yule mtoto wa simu ya Jumatatu, nyumba ikiwa karibu, mimi humwambia aje na boksi. Baadaye, sungura akipona, humpa kazi moja. Kila asubuhi kabla ya kwenda shule aokote gololi moja kavu kwenye banda, aivunje kwa vidole. Iwe kubwa kiasi, ya mviringo, isiwe na harufu kali, na ikivunjika itawanyike kama unga wa nyasi, vipande vya majani vikionekana ndani. Gololi zikiwa ndogo, nyeusi, ngumu, au zimeungana kwa manyoya, anipigie simu siku hiyohiyo, hata kama sungura bado anarukaruka.