Hodi ya Fundi wa Mtandao

Mtandao wa ofisi yetu ulikata Jumatano asubuhi, na fundi aliyeitwa hakugusa waya hata mmoja. Aliketi kwenye kompyuta ya katibu muhtasi, akafungua dirisha jeusi la maandishi, akaandika neno fupi na namba zilizotenganishwa kwa nukta, kisha akatulia.

"Kaka, ngoja nipige hodi kwanza," aliniambia.

Hodi ile ilinikaa kichwani wiki nzima. Mafundi wenzake huiita pingi. Kompyuta hutuma pakiti ndogo kwenye anwani ya IP ya mwenzake na ombi moja tu: nirudishie hiki nilichokutumia. Kikirudi, safari yote hupimwa kwa milisekunde.

"Watu hunipigia simu wakasema mtandao haupo," alisema. "Haupo kuanzia wapi? Mimi naanza na kompyuta yenyewe, 127.0.0.1, kama mtu anayejiita jina lake asikie kama masikio yake mazima. Nikitoka hapo naita ruta ya ukutani. Halafu nje, 8.8.8.8. Itikio linapokomea, ugonjwa uko jirani na hapo."

Kwetu ruta iliitika mara moja. Nje, kimya. Windows hupiga hodi nne. Pwani tumefundishwa tatu, na usipokaribishwa unageuza njia. Yeye hakugeuza.

"Kimya ndicho kinachonitesa. Huenda nyumba ni tupu. Huenda mwenyewe yumo ila hataki wageni, maana seva nyingi zimewekewa kinga isiyojibu hodi. Au amejibu, jibu likapotea njiani. Kwenye kioo vyote vitatu vinaonekana vilevile."

Nikamuuliza huvitofautishaje. Alikawia kujibu. "Kuna siku sivitofautishi, kaka."

Aliyeiandika programu hiyo ya pingi ni Mmarekani Mike Muuss, Desemba 1983, katika maabara ya jeshi huko Aberdeen Proving Ground, Maryland. Mtandao wake ulikuwa ukisumbua, akaimaliza kazi jioni moja. Jina alilitoa kwenye mlio ambao nyambizi huutuma majini na kusikiliza mwangwi wake. Lakini kilichonishika zaidi ni kisa alichokisimulia Muuss mwenyewe, akikiita bora kuliko vyote alivyowahi kusikia kuhusu pingi. Fundi mmoja alihangaishwa na mtandao uliokuwa ukikata na kurudi. Alijua kuna kiungio kimelegea, ila jengo zima lilikuwa na viungio. Akaiunganisha programu na kompyuta iliyoweza kutamka, akapeleka sauti kwenye redio kubwa ya ofisini mwake, akaifungulia hadi mwisho wa uvumilivu wake. Kila jibu liliporudi, kompyuta ilipaza: ping! Sekunde moja, ping! Naye akatoka kuzunguka jengo, akitikisa kiungio hiki, akitikisa kile, sikio likiwa ofisini. Aliposhika kimojawapo, sauti ikakatika. Akawa amekipata.

Nilipomsimulia, fundi wetu alicheka, kisha akawa mtu wa kufikiri. "Huyo alisikiliza. Sisi tunatazama namba tu."

Namba zenyewe zina habari. Anakumbuka enzi za setilaiti, kabla mkongo wa baharini wa SEACOM haujaanza kazi mwaka 2009. Setilaiti hizo zilikaa karibu kilomita 36,000 juu ya dunia, na hodi na jibu lake vilipanda na kushuka mara mbili. Karibu nusu sekunde iliishia angani. "Ulikuwa unapiga hodi, unahisi umbali," alisema. Mei 2024, mikongo miwili ya baharini ilipokatika siku moja, alishinda akipiga hodi bila kuitikiwa. Mteja aliyekuwa nyuma ya kiti chake akimuuliza lini mtandao utarudi angejibiwa nini?

Saa sita kasoro majibu manne yaliingia kwenye kioo chetu, moja baada ya jingine. Hitilafu ilikuwa nje ya jengo, kama alivyosema tangu asubuhi.

Siku mtandao wako utakapokata, msomaji, andika ping na namba ya ruta yako kabla ya kumpigia fundi simu. Kisha mwambie hodi yako iliishia wapi.