Nauli Rahisi Huanzia Wapi?

Mzee mmoja wa Kibondo, mkulima wa maharage na mrina asali, alituuliza swali siku tuliyokaa naye kivulini pale stendi tukingoja basi la Kasulu. Mjukuu wake aliyeko Dar es Salaam alikuwa amemweleza kwamba siku hizi si kama zamani. Ati mtu wa kawaida akiwahi kukata tiketi aweza kupanda eropleni kwa nauli inayokaribiana na ya basi. Mzee alifurahi, akatikisa kichwa, kisha akauliza: "Na nauli hiyo rahisi huanzia wapi?" Hatukuwa na jibu la haraka. Tangu siku ile swali hilo limekaa nasi, na leo twapenda kulileta mbele ya wasomaji wetu, maana twaliona ni swali la siasa, wala si la safari peke yake.

Tuanze na mambo yalivyokuwa. Tarehe 29 Novemba 2012 kampuni ya Fastjet ilirusha ndege zake za kwanza kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza na Kilimanjaro. Ilitangaza nauli iliyoanzia shilingi 32,000, mbali na ada na kodi. Miongoni mwa waliokuwa nyuma ya shauri hilo alikuwamo Stelios Haji-Ioannou, yule aliyeanzisha easyJet huko Uingereza. Watu wengi ambao hawajapata kukanyaga ngazi ya ndege waliikanyaga kwa mara ya kwanza: mwenye duka, mwalimu, fundi, mwanafunzi wa chuo, mama anayekwenda kumwuguza binti yake Mwanza. Yatupasa tukiri jambo hilo bila kinyongo, ijapokuwa si desturi ya ukurasa huu kuwasifu wenye mitaji. Kabla ya hapo ndege ilikuwa chombo cha mabwana wakubwa, na cha wale wanaosafiri kwa fedha za ofisi. Nauli iliposhuka, ukuta mmoja wa unyonge ulibomoka.

Lakini tutazame jinsi unafuu huo unavyotengenezwa. Hapana uchawi ndani yake. Kampuni hushika ndege za aina moja ili mafundi na marubani wasitawanyike. Fastjet ilianza na Airbus A319 zenye viti 156. Ndege ikitua, haina ruhusa ya kustarehe. Abiria washuke, wengine wapande, nayo iruke tena upesi, kwa sababu ndege iliyo chini hailipi deni lake. Chakula cha bure hakuna. Mzigo hulipiwa peke yake. Anayenunua tiketi miezi miwili mbele hulipa kidogo, na anayefiwa leo akataka kusafiri kesho hulipa sana. (Jambo hili la mwisho wafiwa wengi wamelijua kwa uchungu, maana msiba haukati tiketi mapema.) Juu ya yote, viti vijae. Viti 156 visipopata watu, hesabu yote huanguka.

Huko Ulaya kampuni za namna hii zilianza kwa kukimbilia viwanja vya pembeni, penye ada ndogo na nafasi tele. Ryanair iliwapeleka watu mahali palipoitwa Frankfurt, kumbe ni Hahn, kiasi cha kilomita 120 kutoka mjini. Abiria walivumilia kwa ajili ya bei. Baadaye kampuni hiyo ikaona kwamba wafanyabiashara na watu wenye haraka hawavumilii, ikageuza njia: mwaka 2014 ikaingia kiwanja kikuu cha Brussels, na mwaka 2017 kiwanja kikuu cha Frankfurt chenyewe. Wazee wa biashara ile waliliita jambo hilo kuwa ni kukua. Nasi twasema ni kufuata watu waliko, na fedha zao.

Kwetu hapakuwa na haja ya kugeuza njia, maana viwanja vya pembeni vyenye barabara ndefu za lami ya kupokea A319 hatukuwa navyo. Kwa hiyo ndege za nauli nafuu ziliingia katika miji mikubwa tangu siku ya kwanza, na kila zilipopanuka zilikwenda katika miji mikubwa zaidi. Mwaka 2013 Fastjet ilifika Mbeya, katika kiwanja kipya cha Songwe, ikavuka mipaka hadi Johannesburg. Mwaka 2014 ikafuata Lusaka, Harare na Entebbe. Mwaka 2016 Nairobi. Jirani zetu wa Kenya nao, mwaka ule wa 2014, waliona Kenya Airways ikimzaa binti yake Jambojet, akaanzia kiwanja kikuu cha Nairobi kwenda Mombasa, Kisumu na Eldoret.

Msomaji achukue ramani aweke kidole juu ya kila jina tulilotaja. Kisha atafute Kasulu. Kidole chake hakitafika huko. A319 za Fastjet hazikuwa na ratiba ya Kigoma, seuze ya nyanda za juu za Kasulu na Kibondo.

Sasa twaweza kumjibu yule mzee. Nauli rahisi huanzia kiwanjani. Yeye huanzia nyumbani kwake. Kati ya nyumba yake na kiwanja cha Kigoma pana zaidi ya kilomita 200, na kwa mtu wa Kasulu pana kama kilomita 100. Aende Kigoma kwa basi, alale huko kwa kuogopa kuachwa, alipe kitanda, alipe chakula, alipe pikipiki ya kumpeleka kiwanjani alfajiri. Ndipo akute ndege ndogo ya mapanga, yenye viti pungufu ya nusu ya vile vya A319, ambayo nauli yake haikukatwa kwa mkasi ule wa Mwanza na Dar es Salaam. Au ashike njia ya kaskazini, apite Nyakanazi, aizunguke nchi hadi Mwanza kuitafuta ile nauli rahisi, na atakapoifikia ameshaimaliza faida yake barabarani. Mtu wa Ilemela aliye jirani na kiwanja cha Mwanza na mtu wa Kibondo waweza kukata tiketi ya bei moja siku moja, walakini safari zao hazina bei moja hata kidogo.

Wako watakaosema: kampuni ni biashara, nayo haiwezi kupeleka ndege ya watu 156 mahali penye abiria 20. Ni kweli. Hatuilaumu Fastjet kwa kutofika Kasulu, kama tusivyomlaumu mwenye basi kwa kutopita njia isiyo na daraja. Tunalolisema ni kwamba jambo hili si geni katika nchi ile, na watu wa huko wanalitambua kwa sura yake ya zamani.

Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka pwani. Ungefikiri neema ingepanda mlimani. La hasha. Watawala wa kikoloni waliihesabu nchi ya Waha kuwa ghala la vibarua. Hawakuhimiza mazao makubwa ya biashara kule, maana mtu mwenye kahawa yake hakubali upesi kwenda kukata mkonge wa mwingine. Kodi ilidaiwa, na fedha ya kuilipa ilikuwa Tanga na Morogoro. Wenye mashamba waliunda shirika lao la kukusanya vibarua, SILABU, mwaka 1944, na vijana wa Kasulu na Kibondo wakapakiwa malori na mabehewa kama manamba. Chombo cha kuwachukua kilipatikana daima. Chombo cha kuleta daktari, mwalimu na bei nzuri ya maharage ndicho kilichokosekana. Hata leo utawakuta katika mikoa ya mkonge wazee ambao baba zao walikwenda kwa mkataba wa muda mfupi, wakazikwa huko huko.

Tena, viwanja vya ndege viko Kibondo na Kasulu. Ni viwanja vya changarawe, vidogo, lakini vipo. Wakimbizi walipomiminika kutoka Burundi na Kongo, Nyarugusu ikafunguliwa mwaka 1996, na wimbi la mwaka 2015 likafungua Nduta upya, ndege ndogo za mashirika ya misaada zilitua kule zikileta maofisa na dawa. Wananchi wa Kasulu walisimama kando ya kiwanja wakazitazama. Hawakuwaonea kijicho wakimbizi. Waha na Warundi ni ndugu wa lugha na wa damu, na nchi hii inajivunia kuwapokea. Bali waliona jambo moja kwa macho yao: ndege hutua mahali popote palipo na mtu aliyekubali kulipa. Kwa msafiri wa Mwanza analipa msafiri mwenyewe, na wenzake 155 wanamsaidia. Kwa ofisa wa misaada walilipa wafadhili. Kwa mama wa Kibondo aliyeandikiwa rufaa kwenda Bugando, au mchuuzi wa asali anayetafuta mnunuzi Dar es Salaam, ni nani aliyekaa chini akajiuliza nani alipe?

Wengine wamejiuliza. Serikali ya India ilitangaza mwaka 2016 mpango uitwao UDAN, na ndege ya kwanza ya mpango huo ikaruka Aprili 2017 kutoka Shimla kwenda Delhi. Shauri lake ni rahisi kueleza. Kampuni inayoruka katika njia nono, kati ya miji mikubwa, hutozwa fungu dogo kwa kila safari. Fungu hilo huingia katika mfuko, na mfuko hufidia kampuni inayokubali kwenda katika miji midogo. Sehemu ya viti huwekewa kikomo cha nauli, nacho kwa safari ya saa moja kilianza kwa rupia 2,500. Mpango huo haukuwa wa malaika. Njia kadhaa zilianzishwa zikafa fidia ilipokoma. Lakini walau swali la nani alipe liliulizwa hadharani, likapata jibu la kisheria. Kwetu leseni ya kuruka njia nono hutolewa kwa kampuni, nayo njia nyembamba huachwa imsubiri mwenye huruma.

Nani basi awe mwenye huruma? Fastjet ya Tanzania haipo tena. Shilingi ilipungua nguvu huku ndege zikikodiwa kwa dola. A319 zikarudishwa, zikaja Embraer ndogo zaidi. Mwaka 2018 umiliki ukaingia mikononi mwa Watanzania, na kabla ya mwaka kwisha, mwezi Desemba, safari zikasimama, Mamlaka ya Usafiri wa Anga ikitoa notisi ya kufuta leseni. Waliokuwa na tiketi za Krismasi wanaikumbuka Desemba ile.

Macho ya wengi yameelekea shirika letu la umma, Air Tanzania, lililozaliwa mwaka 1977 baada ya lile la Afrika Mashariki kuvunjika, na lililofufuliwa mwaka 2016 kwa ndege mbili za Bombardier. Ni ndege hizo za mapanga, zenye viti 76, zilizoinua moyo wa mikoa ya magharibi. Baadaye zikaja kubwa: Dreamliner mwaka 2018, kisha Airbus A220, kisha Boeing 737 MAX mwaka 2023. Twajivunia rangi za bendera yetu zikionekana Mumbai na Guangzhou. Hata hivyo tusijifiche nyuma ya bendera. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ameonyesha kwamba hasara ya shirika ilikuwa shilingi bilioni 56.6 mwaka wa fedha 2022/23, ikapanda hadi bilioni 91.8 mwaka 2023/24. Hasara hiyo inabebwa na kila mlipa kodi, hata yule mrina asali ambaye hajapanda ndege maishani. Ikiwa analipa, ana haki ya kuuliza analipia safari ya nani.

Tusieleweke vibaya. Hatudai kesho asubuhi A220 itue Kibondo. Kuna mipango ya kukipanua kiwanja cha Kigoma kwa mkopo wa Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, pamoja na Tabora, Shinyanga na Sumbawanga, nayo ni mipango ya haki. Kiwanja hakiwi kiwanja kwa lami tu bali kwa taa, zimamoto na vyombo vya kumwongoza rubani katika ukungu. Ajali ya Bukoba ya tarehe 6 Novemba 2022, iliyoondoa roho 19 ziwani, ilitukumbusha jinsi uokoaji unavyotegemea maandalizi ya mahali penyewe. Kwa Kasulu na Kibondo tunachodai ni kidogo. Anayepewa leseni ya njia nono ya Mwanza au Kilimanjaro aandikiwe ndani ya leseni hiyo hiyo sehemu yake ya mzigo wa Kigoma, kwa safari au kwa fedha. Fidia itakayotolewa iandikwe waziwazi kwa jina la njia, isizamishwe ndani ya hasara ya jumla ambayo hakuna awezaye kuisoma. Na mgonjwa mwenye barua ya rufaa asiuziwe tiketi kwa bei ya aliyechelewa.

Liko na jambo dogo zaidi, ambalo halihitaji mkopo wa benki yoyote. Lami imekuwa ikisogea kati ya Kidahwe, Kasulu, Kibondo na Nyakanazi, na basi leo halilali tena matopeni kama zamani. Basi la Kibondo na ndege ya Kigoma vina ratiba mbili zilizoandikwa na watu wawili wasiojuana. Wenye mabasi, shirika la ndege na ofisi ya mkoa wakikaa pamoja mchana mmoja, msafiri aweza kutoka Kibondo alfajiri na kuruka Kigoma siku ile ile, bila kulipia kitanda. Tunaiomba ofisi ya mkoa iitishe kikao hicho.