Nyumba Kwanza, Kisha Nini?

Mwaka 2016 Bunge la jimbo la California lilipitisha sheria SB 1380. Miradi ya makazi inayogharimiwa na jimbo iliagizwa kumpa nyumba kwanza mtu asiye na makazi, bila kumngoja aache pombe au apate kazi. Sheria hiyo ina utu. Anayelala kwenye hema kando ya barabara hata dawa zake hana pa kuziweka.

Lakini nyumba zenyewe zitoke wapi? Mwaka huohuo wapigakura wa jiji la Los Angeles waliidhinisha mkopo wa dola bilioni 1.2 ili zipatikane nyumba 10,000 katika miaka kumi. Jengo la kwanza lilifunguliwa baada ya zaidi ya miaka mitatu. Mradi mmoja ulilazimika kuokoteza fedha kwa wafadhili kadhaa, kila mmoja na masharti yake. Vibali vilizunguka ofisi hadi ofisi, na huku na kule majirani walipinga. Gharama ya nyumba moja ikakaribia dola 600,000, na watu wakaendelea kufia barabarani.

Korona ilipoingia mwaka 2020, wageni wakatoweka kwenye moteli. Jimbo likaanzisha mpango wa Homekey: moteli zinunuliwe, mapitio marefu ya mazingira yarukwe, fedha zitumike kabla ya mwaka kwisha. Katika miezi michache zikapatikana takriban nyumba 6,000. Fedha zilisaidia, na nyingi zilitoka serikali kuu, ila kilicholeta kasi hiyo ni kwamba safari hii sheria ilifika hadi kwenye meza ya vibali na kuisafisha.

Aprili 2024 Mkaguzi wa jimbo alitoa ripoti inayouma. Karibu dola bilioni 24 zilikuwa zimetengwa katika miaka mitano, na baraza lililopaswa kufuatilia matokeo halikuwa likifanya hivyo ipasavyo. Kati ya programu tano alizopima, mbili tu, Homekey ikiwamo, zilielekea kuwa na thamani ya fedha zake. Kwa tatu, takwimu hazikutosha hata kutoa hukumu. Wakati huo watu zaidi ya 180,000 hawakuwa na makazi.

Homekey nayo ina kidonda chake. Baadhi ya majengo yalinunuliwa yakakaa matupu yakisubiri ukarabati, na fedha za kuyaendesha mwaka baada ya mwaka, kwa walinzi, mafundi na maofisa ustawi wa jamii, hazikuwa na chanzo cha uhakika. Sheria itakayofuata ianzie kwenye mishahara hiyo.