Sura ya 7: Kipozeo cha Maji na Kipuri cha Kariakoo

Studio za video mjini Bukoba zina msimu wake. Harusi zikianza kufuatana, mashine ya kuhariri huachwa ikitoa filamu usiku kucha, na prosesa hushinda kwenye joto la juu saa nyingi mfululizo. Hapo ndipo mwenye studio hujiuliza kama kipozeo cha maji kitamfaa, kitadumu muda gani, na kikimfia katikati ya kazi atashika wapi.

Prosesa nyingi za kompyuta za ofisini zimepangiwa kutumia takriban wati 65. Core i9-13900K ya Intel huruhusiwa kufika wati 253, na karibu zote hugeuka joto ndani ya kipande cha silikoni kinachoenea kwenye ncha ya kidole. Joto hilo halina pa kwenda ila kwenye hewa ya chumbani. Kipozeo cha feni hulihamishia kwenye mapezi ya alumini yaliyosimama juu ya prosesa. Kipozeo cha maji hulipeleka mbali zaidi: bamba la shaba hugusa prosesa, pampu ndogo hupitisha maji juu ya bamba, mipira miwili huyafikisha kwenye rejeta na kuyarudisha, na feni za rejeta hulisukuma joto nje ya kasha. Maji ni mbebaji hodari, maana ujazo uleule hubeba joto zaidi ya mara 3,000 ya hewa. Pamoja na hayo, kipozeo hicho hakiwezi kuishusha prosesa chini ya joto la chumba.

Na chumba cha Bukoba kina neema yake. Mji uko mita zipatazo 1,140 juu ya usawa wa bahari, ziwa liko mlangoni, na mchana kipimajoto hucheza kwenye nyuzi 26. Dar es Salaam mwezi wa Februari hufika 32 na kuzidi. Kwa kuwa kila nyuzi inayopungua chumbani hupungua pia kwenye prosesa, mashine ileile ikihamishiwa Bukoba hupata nafuu ya nyuzi tano au sita bila kununuliwa chochote. Ni kweli hewa ya huku ni nyepesi kidogo kwa sababu ya mwinuko, na hewa nyepesi hubeba joto pungufu, lakini ubaridi wa mji unafidia hasara hiyo.

Watu wengi huogopa kuvuja. Hofu hiyo ina historia: mwaka 2004 Apple walitoa Power Mac G5 yenye prosesa mbili za gigahezi 2.5 zilizopozwa kwa maji, na baada ya miaka kadhaa baadhi ya mashine hizo zilianza kuvuja na kuozesha bodi. Hata hivyo, kimiminika karibu na umeme si jambo geni kwetu. Transfoma iliyo juu ya nguzo mtaani imejaa mafuta. Yakipata joto hupanda, yakipoa ubavuni hushuka, hayasukumwi na kitu, wala hayapitishi umeme, na transfoma hudumu hivyo miongo kadhaa. Hata mirija ya shaba inayopeleka joto kwenye mapezi ya kipozeo cha feni ina maji kidogo ndani, yaliyofungiwa kiwandani kwa shinikizo dogo ili yachemke upesi, na hayo nayo yanazunguka yenyewe. Kwa hiyo tusiyalaumu maji. Udhaifu uko kwenye vitu vilivyoongezwa ili kuyasafirisha: pampu, mipira na maungio.

Vipozeo vya maji vilivyofungwa kiwandani huvuja mara chache. Vingi hufa polepole, kwa njia ambayo mwenye mashine haioni. Mpira, hata ulio bora, hupitisha mvuke kidogo kidogo. Ndani ya mfumo mzima kuna maji yasiyofika nusu lita, na yanavyopungua mwaka hadi mwaka nafasi yake huchukuliwa na hewa. Hewa hukimbilia sehemu ya juu kabisa. Ikiwa aliyeifunga mashine ameiweka pampu juu kuliko rejeta, hewa hukusanyika kwenye pampu. Utaisikia ikigugumia asubuhi unapowasha, kisha itaanza kusagika ikiwa kavu. Rejeta ikikaa juu, hewa hiyohiyo hubaki huko bila madhara kwa muda mrefu. Kosa hili la ufungaji ni la kawaida mno, na linaniuma kwa sababu kulirekebisha ni kazi ya bisibisi na nusu saa tu.

Kifo kingine ni kuziba. Bamba la shaba limechongwa mifereji mingi ambayo upana wa kila mmoja haufiki nusu milimita. Bamba ni la shaba, rejeta mara nyingi ni ya alumini, na metali hizi mbili zikishiriki maji mamoja alumini huliwa. Watengenezaji huchanganya dawa ya kuzuia kutu, lakini dawa huchoka. Ukifungua kipozeo kilichokufa namna hii utakuta tope jepesi, jeupe au la kijani, limejaa kati ya mifereji, zito zaidi pale maji yanapoingilia.

Ndiyo maana namba ya mizunguko ya pampu inayoonyeshwa kwenye BIOS haitoshi. Pampu inaweza kuzunguka vizuri huku mifereji imeziba. Kipimo bora ni mkono: ipe mashine kazi nzito kwa dakika kumi, halafu shika mipira yote miwili na rejeta. Vyote vikiwa na uvuguvugu unaokaribiana, maji yanatembea. Sehemu ya pampu ikiwa ya moto na rejeta ikabaki baridi, maji yamesimama. Usitegemee moshi ukuambie. Prosesa za leo hupunguza kasi zenyewe zikikaribia nyuzi 95 au 100, na zikizidi hapo mashine hujizima. Dalili ya kwanza huwa kazi ya saa moja kuchukua saa tatu.

Kukatika kwa umeme, ambako wateja hukuulizia sana, hakuna hatari ya joto: pampu ikizimika prosesa nayo imezimika. UPS inabaki muhimu, lakini kwa ajili ya diski na kazi ambayo haijahifadhiwa.

Vumbi ndilo adui halisi. Kiangazi cha Juni hadi Agosti barabara za vijijini katika wilaya jirani ya Muleba hutoa vumbi jekundu linaloingia hadi kabatini, na karibu na ufuko huja wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopaa kwa makundi kama moshi na kufuata taa usiku. Mapezi ya rejeta yamebanana, hivyo vyote viwili hunasa hapo na kufanya ukuta. Brashi laini kila baada ya wiki chache inatosha, mradi kasha lifunguliwe.

Kwenye usafiri kipozeo cha maji kinashinda waziwazi. Vipozeo vikubwa vya feni huzidi kilo moja na huning'inia kwenye bodi; mashine iliyofungwa Kariakoo, Dar es Salaam, ikirushwarushwa ndani ya basi zaidi ya kilomita 1,300, bodi inaweza kupinda au kupasuka. Ukiagiza mashine ya namna hiyo, sema kipozeo kije kimefunguliwa, na fundi wa Bukoba akifunge upya kwa pesti mpya ya kupitisha joto.

Lakini kipuri ndicho kinachoamua. Feni ya milimita 120 inayokula volti 12 ni ileile kila mahali. Fundi wa Muleba mjini ataitoa kwenye mashine mbovu na kukufungia siku hiyohiyo. Pampu ya kipozeo cha maji imegandishwa kwenye bamba, haina kipuri, na ikifa kinatupwa kizima. Warranti nyingi ni za miaka 3 hadi 6, lakini kuidai ni kukirudisha kipozeo kwa muuzaji na kusubiri mashine ikiwa imelala. Kwa hiyo ofisi, duka la steshenari na shule wabaki na feni. Prosesa zao hazihitaji zaidi, na hali ya hewa iko upande wao.

Mwenye studio anayetumia prosesa ya wati 200 na zaidi ana haki ya kununua kipozeo cha maji, na anunue kipya, kamwe asinunue cha mtumba, maana umri wa maji yaliyo ndani hauonekani. Siku hiyohiyo anunue pia kipozeo cha feni cha bei ndogo chenye vyuma vya kufungia vinavyoingia kwenye soketi yake, pamoja na pesti, aviweke kwenye droo. Pampu ikifa Ijumaa jioni na harusi bado iko kwenye diski, atakifunga hicho. Filamu itatoka kwa mwendo wa pole, lakini mteja ataipata Jumatatu.