Albamu iliyolipiwa mara mbili

Saa tisa usiku, mpakani Busia. Basi letu la kwenda Kampala limezima injini, abiria wameshuka na pasi zao mkononi, na foleni ya malori nyuma yetu haionyeshi mwisho. Kando ya geti, askari mmoja anasoma namba ya lori kwenye redio yake ya mkononi, polepole, ili mwenzake wa upande wa pili asikosee: "Kilo, Charlie, Hotel..." Nikacheka peke yangu. Mama aliyekuwa mbele yangu na mzigo wa vitenge akageuka kunitazama. Sikuwa na namna ya kumweleza kwamba askari yule alikuwa amenikumbusha albamu ya roki niliyoinunua nikiwa mwanafunzi.

Albamu yenyewe inaitwa Yankee Hotel Foxtrot, na ni ya bendi ya Wilco kutoka Chicago, Marekani. Jina lake ni herufi tatu tu, Y, H na F, zikitamkwa jinsi marubani, mabaharia na askari wanavyozitamka hewani. Bendi iliyatoa maneno hayo kwenye sauti ya ajabu. Kwa miaka mingi kumekuwa na vituo vya redio vya masafa mafupi ambavyo havitangazi habari wala muziki, ila mtu anasoma namba au herufi, anazirudia, kisha kimya. Inaaminika ni ujumbe wa siri kwa majasusi. Kampuni ndogo ya Uingereza, Irdial, ilikusanya rekodi za vituo hivyo na kuzitoa mwaka 1997 kwa jina la The Conet Project. Wilco walichukua kipande kimoja, sauti ya mwanamke anayerudia maneno yale matatu, wakakiweka mwishoni mwa wimbo wa kumi. Hawakuomba ruhusa. Irdial wakadai haki yao, na mwishowe pande mbili zikamalizana nje ya mahakama. Mali ya mwenzio ni ya mwenzio, hata kama ni sauti iliyodakwa hewani.

Sidii yangu niliinunua Nairobi, kwa mtu aliyekuwa akiuza vitabu na sidii za mitumba, kwa sababu ya picha ya jaladani: minara miwili ya mviringo, imetobolewa mabaraza kutoka chini hadi juu, kama magunzi ya mahindi. Baadaye nikajua ni Marina City, majengo ya Chicago kandokando ya mto. Sikujua lolote kuhusu bendi. Nilichojua ni kwamba wimbo wa kwanza ulianza kama duka la vyombo linaloporomoka, ngoma zikigongwa pasipotarajiwa, kinanda kikiingia na kutoka, na katikati ya vurugu hiyo sauti ya mtu aliyechoka akiimba taratibu. Niliurudia mara tatu kabla ya kuugusa wa pili.

Kisa kilichonifanya niipende zaidi nilikisoma baadaye, na wewe unayevuka mpaka na mali yako utakielewa kuliko mchambuzi yeyote wa muziki.

Wilco ilianzishwa mwaka 1994 na Jeff Tweedy, baada ya bendi yake ya awali, Uncle Tupelo, kuvunjika. Watu huiweka kwenye roki ya "indie", yaani ya bendi zinazojitegemea, lakini siku hizo ilikuwa chini ya Reprise, moja ya lebo za kampuni kubwa ya Warner. Ilishatoa albamu tatu zilizosifiwa sana lakini zikauza kwa kiasi tu. Hii ya nne waliirekodi kwenye ghala lao Chicago, mahali wanapopaita The Loft, mwaka 2000 na 2001. Januari 2001 kampuni mama ya Warner, Time Warner, iliungana na AOL, na kama ilivyo kawaida makampuni yanapoungana, watu wakapunguzwa na hesabu zikaanza kupigwa upya. Rais wa Reprise, Howie Klein, ambaye alikuwa mtetezi wa bendi hiyo, akaondoka. Albamu ilipopelekwa ofisini, waliobaki waliisikiliza wakaona haiuziki. Walitaka ibadilishwe. Bendi ikakataa.

Hapo ndipo wengi wetu tungerudi nyumbani, tuitengeneze bidhaa upya ipite. Wilco waliomba waachwe waende, na wakaondoka na kanda zao, haki yote ikiwa mikononi mwao. Tarehe 18 Septemba 2001, bila mnunuzi, bila sidii dukani, wakaiweka albamu nzima kwenye tovuti yao, kila mtu asikilize bure.

Kumbuka ni mwaka 2001. Makampuni ya muziki yalikuwa yanapigana na intaneti mahakamani, yakiona kila anayesikiliza bure kuwa mwizi. Wilco walifanya anachofanya muuza machungwa yeyote stendi: alikata moja, akakuonjesha. Walipokwenda kwenye maonyesho, watu waliimba pamoja nao nyimbo ambazo hazijauzwa hata nakala moja. Lebo kadhaa zikabisha hodi. Walioshinda ni Nonesuch, wakaitoa tarehe 23 Aprili 2002. Iliingia kwenye chati ya Billboard ikiwa namba 13, nafasi ambayo bendi haikuwahi kuifikia kabla, na baadaye ikapata hati ya dhahabu, ambayo Marekani hutolewa kwa nakala nusu milioni.

Sasa sikia utamu wa kisa. Nonesuch nayo ni ya Warner. Nyumba ile ile iliyogharamia kurekodi, ikasema mali haiuziki na kuiachia, ndiyo iliyoinunua kupitia dirisha jingine. Ililipia mzigo mmoja mara mbili. Nilipokuwa kijana nilikisimulia kisa hiki kwa yeyote aliyenipa dakika tano, na kila mara nilimaliza kwa kupiga meza.

Nilimsimulia hata mbia wangu. Nilikuwa na mbia, ndiyo. Tulikuwa tukinunua maharage upande wa Uganda na kuyavusha Busia hii hii, tangu enzi ambazo gunia lilipita mikono mingi kuliko mihuri. Yeye alijua wakulima na bei, mimi nilijua karatasi na wanunuzi wa Nairobi. Tulipokataliwa mzigo na mnunuzi mmoja kwa madai ya unyevu, alicheka akasema, "Tulia, ndugu yangu. Tutapata dirisha jingine la nyumba hiyo hiyo." Na kweli tulipata.

Hatuzungumzi sasa yapata miaka kumi. Hapakuwa na wizi wala mwanamke. Kila mmoja alianza kuamini kwamba biashara ni yeye.

Ndiyo maana usiku ule Busia, nilipoitafuta albamu kwenye simu na kuvaa visikizi, kisa cha kulipiwa mara mbili hakikunichekesha kama zamani. Masikio yangu yalikwenda kwa mtu mwingine, ambaye ujana wangu haukumjali: Jay Bennett.

Bennett alijiunga na Wilco mwaka 1994. Alipiga gitaa, alipiga kinanda, alipiga karibu chombo chochote ulichomwekea mbele, na alijua mitambo ya kurekodi. Nyimbo nyingi za albamu hii waliziandika yeye na Tweedy pamoja. Vile vinanda vinavyoingia kama mvua ya manyunyu, kengele, sauti zilizorundikwa moja juu ya nyingine: sehemu kubwa ni mkono wake. Lakini Tweedy alikuwa ameanza kutaka nafasi zaidi ndani ya nyimbo, na alimwita mtu kutoka nje, Jim O'Rourke, kuja kuchanganya sauti, kazi ambayo Bennett aliiona kuwa yake. O'Rourke alipunguza. Alifungua madirisha, aliondoa vyombo, aliacha kimya pale palipojaa. Ukweli ni kwamba albamu ilipendeza zaidi. Naandika hivyo kwa uzito, maana ni rahisi kumwonea huruma aliyeshindwa na kusahau kwamba aliyeshinda alikuwa sahihi.

Mpiga picha Sam Jones alikuwa nao wakati wote huo, akitengeneza filamu ya rangi nyeusi na nyeupe. Kuna tukio humo ambalo sasa siwezi kulitazama hadi mwisho. Tweedy na Bennett wanabishana kuhusu sekunde chache zinazounganisha wimbo mmoja na unaofuata. Bennett anaeleza, anaeleza tena, anataka akubaliwe kwamba ameeleweka. Tweedy anasema ameelewa. Bennett haridhiki. Baadaye Tweedy, ambaye aliteswa na kipandauso kwa miaka mingi, anakwenda chooni kutapika. Sekunde chache za muziki! Sisi ubishi wetu wa mwisho ulikuwa juu ya nani apige simu kwa dereva.

Kazi ilipokamilika, mwaka ule ule wa 2001, Bennett aliambiwa hatakiwi tena kwenye bendi. Albamu ilipotoka na kusifiwa kote, yeye alikuwa nje. Aliendelea kutoa albamu zake, akaendesha studio huko Illinois, bila umaarufu ule. Mwanzoni mwa Mei 2009 alimfungulia Tweedy kesi, akidai mirabaha ya albamu walizofanya pamoja na malipo ya kuonekana kwake kwenye filamu. Siku zile alihitaji kufanyiwa upasuaji wa nyonga, na aliandika wazi kwamba bima yake haikuwa ya kumtosha. Tarehe 24 Mei alifariki akiwa usingizini, kwa dawa kali ya maumivu iliyozidi kipimo. Ilikuwa ajali. Alikuwa na miaka 45.

Tweedy naye alipitia yake. Mwaka 2004 alilazwa kutibiwa uraibu wa dawa za maumivu alizokuwa akimeza kwa ajili ya kipandauso. Wanaume wawili, dawa za aina moja, mmoja akatoka.

Mwaka 2022, albamu ilipotimiza miaka 20, ilitolewa upya kwenye sanduku kubwa lenye rasimu na matoleo ya awali ya nyimbo, na mwaka uliofuata sanduku hilo likashinda tuzo ya Grammy ya albamu ya kihistoria. Nilizisikiliza baadhi ya rasimu hizo baada ya safari ile. Ndani yake unasikia nyimbo zile zile zikiwa zimevaa nguo nyingine, na unamsikia Bennett mahali ambapo baadaye aliondolewa. Nyingine zimejaa mno. Nyingine, nadiriki kusema, zingebaki vile zilivyokuwa.

Basi liliwashwa saa kumi na moja kasoro. Mama wa vitenge alikuwa amegongewa muhuri kabla yangu na ameshalala. Nilikuwa nimefika wimbo wa kumi, pale yule mwanamke wa redio anapoanza kurudia herufi zake huku muziki ukimfunika na kelele zikipanda, mpaka hujui kama ujumbe umemfikia aliyetumiwa. Nambari ya mbia wangu bado ninayo kwenye simu. Nimeihamisha kutoka simu moja hadi nyingine mara nne.

Ukitaka kuisikiliza, usianze na wimbo wa kwanza kama nilivyoanza mimi, utadhani simu yako imeharibika. Anza na wa tano, unaoitwa "Jesus, Etc." Una fidla, unakwenda kwa mwendo wa mtu anayetembea bila haraka, na ni mmoja wa zile ambazo Tweedy na Bennett waliziandika wawili. Wengi waliousikia mwishoni mwa 2001 walidhani uliandikwa kwa ajili ya msiba wa New York, ingawa ulikuwa umerekodiwa kabla. Halafu rudi mwanzo. Albamu nzima ni dakika 52 hivi. Foleni ya Busia inakutosha, na chenji inabaki.