Studio inataka kaniki, si taa nyingine

Studio ya mtaani, Mtwara kama kwingineko, ni chumba kimoja: kitambaa cha bluu nyuma, stuli, taa, kuta nyeupe. Mteja akilalamika kuwa uso umetoka bapa kama sahani, mpiga picha anaongeza taa. Hapo ndipo anapozidi kuharibu. Ukuta mweupe hurudisha sehemu kubwa ya mwanga unaoupiga, kwa hiyo chumbani humo taa moja ni taa tano: yenyewe, kuta tatu na dari. Kivuli kinakosa pa kukaa. (Ukuta ukiwa wa kijani, shavu nalo linapata ukijani, na mtu mzima wa afya anaonekana mgonjwa.)

Chukua kaniki, kile kitambaa cheusi. Itundike upande ulio mbali na taa, karibu na shavu lakini nje ya picha. Itameza mwanga uliokuwa ukirudi kutoka ukutani, na taya litachomoza. Kivuli kikizidi, isogeze nyuma. Ufukweni Msimbati ni yaleyale: jua la saa sita hupiga mchanga mweupe na kurudi usoni kutoka chini, hadi tundu za pua zinawaka. Tandika kaniki mchangani mbele ya mteja.

Ngozi nyeusi ina somo lake, na walimu wapo hapa hapa, Wamakonde wanaochonga mpingo. Sanamu iliyosuguliwa vizuri huonekana kwa mng'ao unaoteleza kwenye paji na mashavu. Ngozi nayo: ikiwa nyeusi hurudisha mwanga mdogo kutoka ndani, ila mng'ao wa juu haupungui, hivyo huonekana zaidi. Taa tupu huacha doa jeupe kwenye paji, na watu hukimbilia poda. Afadhali shuka jeupe mbele ya taa, karibu na uso. Doa hutanuka, hufifia, likawa umbo.

Hata vipimo havikuifikiria ngozi hiyo: Kodak, watengenezaji wa filamu za picha, kwa miaka mingi walisawazisha rangi kwa kadi zenye picha ya mwanamke mzungu, maarufu kama Shirley. Filamu imepita, lakini kipimamwanga cha kamera bado hutaka kila kitu kiwe kijivu cha wastani: shela jeupe likijaa kwenye picha, uso wa bibi harusi unazama. Pima mwanga usoni. Kisha inua taa itazame juu kidogo, shela lipate ukingo tu wa mwanga, nakshi zake zisipotee, zimelipiwa.