Miaka 60, na meno bado yanalipiwa

Kama wewe ndiye mkalimani wa nyumbani, soma hii kabla Mama hajasaini fomu ya daktari wa meno.

Hapa England, ukifika miaka 60 dawa unapewa bure, macho unapimwa bure. Meno? Hapana. Wazee wetu wengi hawalijui hilo. Wanaweka tiki kwenye "bure", halafu inakuja barua: lipa matibabu, na juu yake faini inayoweza kufika pauni 100.

Mwenye kipato kidogo ajaze fomu ya HC1. Akipewa cheti cha HC2, meno ya NHS halipii kitu. HC3 inapunguza tu. Kama ameshalipa wakati alistahili msamaha, itunze risiti ya FP64, maana muda wa kudai ni miezi 3.

Kumpata daktari mwenyewe ndiyo kazi. Lakini meno si kama GP, hayafuati mtaa, kwa hiyo pigia kliniki hata za mji wa pili. Jino likimkesha usiku, piga 111 na uombe mkalimani wa Kiswahili, halipiwi. Karafuu inatuliza kidogo tu, usaha haiutoi.